Mwongozo kamili wa kutunza na kutengeneza Mazda MX-5 nyumbani, Unguja na Pemba

Mazda MX-5, au Eunos Roadster kama inavyoandikwa kwenye zile zilizouzwa Japani, ni gari la spoti la viti 2 lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Kwetu linaingia kama magari mengine mengi, limetumika Japani na usukani uko kulia. Mwenye hamu ya kujitengenezea atalipenda: injini imelala kwa urefu, mkono unapata pa kuingia, nyaya za umeme si nyingi, na uzito wake unakaribia tani moja tu. Hapa nazungumzia toleo la kwanza, la 1989 hadi 1997, lenye taa za mbele zinazochomoza, kwanza kwa injini ya lita 1.6 na baadaye ya 1.8. Mwenye toleo la pili naye atafaidika na mengi ya humu.

Jambo la kulishika mapema ni hili. Kitabu cha gari huhesabu kilomita, na kisiwani hesabu hiyo haitoshi. Unguja yote kwa urefu ni kama kilomita 85. Mtu anayekaa Mazizini na kufanya kazi Mjini anaweza kumaliza mwaka bila kufikisha kilomita za sevisi, na huku gari linavuta chumvi usiku na mchana. Nimeona magari ya aina hii ambayo injini inaita vizuri kabisa lakini bati la chini unalitoboa kwa kidole. Kwa hiyo fuata misimu. Kazi kubwa ifanye Februari kabla ya masika, rudia ukaguzi wa chini Juni mvua zikiisha, kisha pita tena Septemba kabla ya vuli. Wanaokaa Paje, Jambiani, Bwejuu au Makunduchi waongeze bidii kipindi cha kusi, maana upepo ule unatoka baharini moja kwa moja.

Mahali pa kazi na vifaa

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwenye mchanga jeki inazama, na kwenye kifusi inateleza. Gari hili liko chini sana, jeki nyingi hazipiti uvunguni mwake, hivyo tafuta jeki ya magurudumu yenye kimo kifupi. Mbele, iweke katikati ya boriti nene ya chuma inayobeba injini. Nyuma, iweke chini ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya matairi ya nyuma. Likishanyanyuka, weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa bati chini ya milango, karibu na matairi.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali. Tofali la saruji halitoi ishara, hupasuka mara moja. Kama huna stendi, kazi za uvunguni zisubiri mpaka uzipate, hata kwa kuazima.

Spana na soketi utakazotumia sana ni za milimita 10, 12, 14, 17, 19 na 21, pamoja na ya 24 kwa ajili ya giaboksi. Ongeza alenki (kifunguo cha pembe sita) ya milimita 4, spana ya torki, brashi ya waya, beseni la kukingia oili na dawa ya kulegeza kutu. Dawa hiyo ipige jioni ya siku iliyotangulia kwenye kila nati utakayofungua kesho. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza halafu ndiyo uilegeze, kutu inavunjika bila kukata bolti. Kila bolti inayotoka isafishe nyuzi zake na uipake grisi kidogo kabla ya kuirudisha, isipokuwa nati za tairi, ambazo hukazwa kavu kwa torki ya nyutoni-mita 90 hadi 120.

Hatua ya kwanza: chumvi, maji na bati

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa. Gari lisilo na paa la bati hutegemea boksi mbili za bati zinazopita chini ya milango, kushoto na kulia. Hizo ndizo zinazolifanya lisijikunje katikati. Zikioza, milango inaanza kugoma kufunga, na gari halifai barabarani hata kama linawaka na kukimbia.

Boksi hizo mara nyingi huoza kutokea ndani, na sababu yake ni mirija ya maji ya mvua. Maji yanayoteremka juu ya turubai hukusanyika kwenye mfereji wa nyuma, huingia kwenye mrija ulio nyuma ya nguzo ya mkanda wa kiti, kila upande wake, kisha hutokea chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani ya mwarobaini au mkungu yakiziba mrija, maji hujaa na kumwagika ndani ya boksi, au hulowesha zulia nyuma ya viti.

Teremsha turubai, tafuta tundu kila upande, umimine kikombe kimoja cha maji safi polepole huku mwenzako akiangalia chini. Maji yakitoka kwa kasi ileile, mrija ni mzima. Yakichelewa, ingiza mshipi mnene wa kuvulia, ule wa nailoni, uusukume na kuuzungusha taratibu mpaka uchafu uteremke. Waya mgumu usiutumie, unatoboa mrija, na ukishatoboka maji yote yanaishia ndani ya bodi. Baada ya hapo lala chini uangalie vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye ukingo wa boksi zenyewe, uvizibue kwa kijiti.

Mbele nako kuna mtego. Maji ya kioo cha mbele hupita nyuma ya bawa la bati la mbele, na tope hukaa pale kwenye kona ya chini, karibu na bawaba za mlango. Pemba, kwenye udongo wa mfinyanzi na barabara za vilima, kona hiyo hujaa haraka kuliko Unguja. Fungua kinga ya plastiki iliyo ndani ya bawa, toa tope lote kwa mkono, usuuze.

Osha uvungu kwa maji baridi kila wiki unapokaa karibu na bahari, na siku hiyohiyo ukipita kwenye maji ya bahari yaliyopanda barabarani. Maji ya kisima chenye chumvi hayasaidii. Tumia ya bomba, au ya mvua uliyoyakinga.

Ukikuta kutu ya juujuu, ikwangue kwa brashi ya waya mpaka bati jeupe lionekane, piga msasa, futa kwa thina, siku hiyohiyo paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Usiache bati tupu lilale usiku mmoja, kwa unyevu wetu asubuhi utalikuta limeshabadilika rangi. Ndani ya boksi puliza nta maalumu ya kuzuia kutu kupitia vitundu vyake, halafu hakikisha hujaviziba vile vya chini. Kuna mazoea ya kupuliza oili chafu uvunguni. Siyashauri hata kidogo. Oili ile inalainisha na kuharibu bushi za mpira, na inadondoka ardhini, nasi ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha kila kitu mpaka kwenye visima tunavyokunywa.

Tundu likishatokea kwenye boksi ya chini ya mlango, puti si dawa. Inafunika tu. Bati lililooza likatwe, lichomelewe jipya la unene uleule, na kabla ya kuchomelea fungua nyaya za betri na plagi ya alternata. Kazi hii mpe fundi wa bodi unayemwamini, umwombe akuonyeshe kabla hajapaka rangi.

Hatua ya pili: oili, giaboksi na difu

Pasha injini kidogo, linyanyue gari mbele, fungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na uache oili iishe kabisa. Filta imejificha upande wa kulia wa injini, chini ya mabomba ya kuingizia hewa, na ni rahisi kuifikia kutokea chini kuliko juu. Angalia kuwa mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini, maana mipira miwili ikipandana oili yote itamwagika dakika ya kwanza. Mpira wa filta mpya upake oili, ukaze kwa mkono. Bolti ya sampu iwekee washa mpya, torki nyutoni-mita 30 hadi 40.

Injini ya 1.6 inachukua kama lita 3.6 pamoja na filta. Kwa joto letu 10W-40 inafaa. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Injini hizi zina tapeti za kujirekebisha kwa shinikizo la oili, na zikipiga kelele ya tiki-tiki asubuhi mara nyingi zinalalamikia oili iliyochakaa au iliyopungua. Kelele ikibaki baada ya oili mpya na injini kupata moto, hapo ndipo ufungue.

Kwenye giaboksi, sharti ni moja: legeza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, umebaki na gari lisilotembea. Giaboksi ya mkono inachukua lita 2 za 75W-90 aina ya GL-4. Difu ina mafuta yake, na nayo hujazwa mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Oili iliyotoka ikusanye kwenye galoni, uipeleke gereji wanakokusanya.

Hatua ya tatu: kupoza injini

Tazama tangi la plastiki la juu ya rejeta. Likiwa jeusi, ni salama bado. Likigeuka kahawia au kijani hafifu, plastiki imechoka na itapasuka, mara nyingi kwenye foleni mchana. Nunua rejeta kabla ya siku hiyo.

Mfumo mzima unachukua lita 6. Changanya nusu kwa nusu dawa ya rejeta na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, ila soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Maji ya kisima chetu yana chokaa nyingi, yanaganda ndani ya mirija ya rejeta na kuiziba.

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa, mwaga kutokea chini, weka hita kwenye joto la juu, jaza taratibu mbele ya gari ikiwa imenyanyuka kidogo. Washa bila mfuniko, ukandamize mipira ya rejeta kwa mkono ili hewa itoke, uongeze maji mpaka yaache kushuka, kisha funga. Feni lazima iwake yenyewe gari likiwa limesimama na limepata moto. Isipowaka, usiendeshe. Nyuma ya silinda hedi kuna mpira mfupi ambao watu huusahau kwa kuwa hauonekani. Ushike kwa vidole, ukiwa laini kupita kiasi au una nyufa, ubadilishe pamoja na mingine.

Hatua ya nne: umeme wa plagi na mkanda wa taimingi

Gari likikwama-kwama linapopanda mlima au asubuhi ya mvua, anza na waya za plagi. Hewa ya chumvi inakula vichwa vyake. Zing'oe moja moja kwa kushika kofia, usivute waya. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, ni wakati wa kununua seti mpya. Plagi zifungue injini ikiwa baridi, pengo liwe milimita 1.1, uanze kuzirudisha kwa vidole mpaka zikae ndipo utumie spana.

Oili ikionekana kuteremka nyuma ya injini na kulowesha giaboksi, usikubali haraka kuambiwa sili ya kranki (mhimili mkuu wa injini) imekufa na giaboksi ishushwe. Nyuma ya silinda hedi kuna sensa ya mzunguko wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), ina mpira mmoja wa duara unaokauka na kuvujisha. Ni kazi ya saa moja na mpira wa bei ndogo. Chora alama kwa msumari ikivuka sensa na hedi, fungua bolti yake ya 12, vuta sensa nje, weka mpira mpya uliopakwa oili, irudishe ikae kwenye alama ileile. Halafu hakikisha taimingi kwa taa ya taimingi: unganisha kwa waya matundu ya TEN na GND kwenye kile kisanduku cheusi cha uchunguzi ndani ya boneti, injini izunguke kama mara 850 kwa dakika, alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Umenunua gari lisilo na kumbukumbu? Badilisha sasa, pamoja na wota pampu (hiyo huzungushwa na fenibelti, lakini inafikika kwa urahisi wakati huo), kapi za kukazia na sili za mbele. Kwa bahati njema, mkanda ukikatika kwenye injini hizi za toleo la kwanza pistoni hazigongi valvu, utabaki njiani bila hasara kubwa. Magari ya mwanzo kabisa, kabla ya kati ya 1991, yana udhaifu kwenye ncha ya kranki. Washa injini utazame puli ya chini kutokea mbele. Ikiyumba, zima na umwite fundi wa injini.

Hatua ya tano: breki na klachi

Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu imejaa unyevu. Yabadilishe kila mwaka, DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), kwa magari yetu ni la nyuma kushoto, na chupa ya juu isikauke hata mara moja.

Pini zinazofanya kaliipa (kishikio cha pedi za breki) iteleze ndizo huganda kwa chumvi. Zivute, zisafishe, paka grisi ya breki, si grisi ya beringi. Pedi ikiwa imelika upande mmoja kuliko mwingine, pini imegoma.

Kaliipa za nyuma zina siri ambayo imewafanya watu wengi wavunje pistoni kwa kuisukuma kwa nguvu. Nyuma ya kaliipa kuna bolti ya 14 inayofunika tundu. Itoe, ingiza alenki ya milimita 4. Kuizungusha kinyume cha saa kunarudisha pistoni ndani upate nafasi ya pedi mpya. Ukishafunga pedi, zungusha kufuata saa mpaka pedi zibane diski, halafu rudisha nyuma theluthi ya mzunguko. Tairi lizunguke bila kukwaruza. Hendibreki inayovutwa mpaka juu bila kushika mara nyingi inataka marekebisho haya tu, kebo haina kosa.

Klachi ya gari hili ni ya mafuta, na silinda yake ndogo iko kulia mwa giaboksi, ubavuni, penye joto. Dalili za kufa kwake: pedali inabaki chini, rivasi inasaga, mafuta kwenye chupa ya klachi yanapungua. Funua kofia ya mpira ya silinda hiyo. Ikiwa na majimaji ndani, imekwisha. Inashikwa na bolti mbili tu. Badilisha na masta silinda ya juu kwa wakati mmoja, kwa sababu mpya ikianza kusukuma kwa nguvu zake zote ile ya zamani hufuatia.

Hatua ya sita: matairi, turubai na betri

Upepo wa matairi ni psi 26 yakiwa baridi. Wajaza upepo wengi hawataamini, watataka kukupa 35 kama za gari la abiria. Kataa. Gari jepesi lenye upepo mwingi linarukaruka juu ya matuta na kupoteza mshiko kwenye lami yenye mchanga.

Kabla ya kupeleka gari alaimenti (kunyoosha matairi), bolti za kurekebishia za suspensheni zipige dawa ya kulegeza siku kadhaa mfululizo. Zikiganda, aliye na mashine ya kisasa hana la kufanya.

Turubai la viniili lioshe kwa sabuni laini, uliegeshe gari kivulini. Kioo cha nyuma ni cha plastiki, fungua zipu yake kabla ya kukunja turubai, vinginevyo kinavunjika kwenye mkunjo. Mchaniko mdogo mpelekee fundi wa makochi angali mdogo.

Betri ipo ndani ya buti, na hapo pana hatari. Ya asili imefungwa kabisa na ina vipira vya kupeleka gesi nje ya gari. Ukiweka betri ya kawaida isiyo na vipira hivyo, gesi inabaki ndani ya buti, asidi inakula sakafu ya bati. Nunua yenye tundu la kipira, au iliyozibwa.

Spea

Soma namba ya chesisi: NA6CE ni ya 1.6, NA8C ni ya 1.8. Itume namba hiyo unapoagiza, mwaka pekee unapotosha kwa kuwa vitu vilibadilika katikati ya toleo. Injini hizi ni za ukoo mmoja na zile za Mazda Familia, kwa hiyo filta na plagi unaweza kuzipata maduka ya spea ya mjini, au Kariakoo zikaja kwa boti. Chukua cha zamani mkononi ulinganishe kabla ya kulipa. Vitu vya bodi, turubai na breki za nyuma huagizwa nje na huchelewa, hivyo agiza wakati cha zamani bado kinafanya kazi. Mwenye gari Chake Chake au Wete asikose nyumbani silinda ndogo ya klachi, mpira wa sensa ya kamshafti, seti ya mipira ya rejeta, waya za plagi na fenibelti. Vitu hivyo vitano ndivyo vinavyolaza gari, na vyote vinaenea kwenye boksi moja la viatu.